Waya wa Pili

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi umeme wa misheni, Karatu. Uwanjani kwetu palikaa karavani ya kliniki ya mama na mtoto, ambayo kila wiki ilivutwa na Landrova kwenda Nainokanoka kuchanja watoto. Ikirudi tuliichomekea waya mmoja kutoka jenereta ya misheni.

Taabu ilikuwa hapo kwenye waya mmoja. Friji la chanjo likiwa linavuta umeme, nesi akawasha chombo cha kuchemshia sindano, fyuzi inaungua.

"Fundi," aliniambia nesi, Mwiraqw mrefu asiyecheka ovyo, "nichague kipi? Sindano chafu au chanjo zilizoharibika?"

"Nipe siku mbili, Sista. Nitakuwekea njia ya pili, yenye fyuzi yake."

Waya ulikuwa adimu kama sabuni miaka ile, lakini niliupata. Nilitoboa ubavu wa karavani, nikaubana waya ndani kwa boliti. Ncha ya pili niliichomeka jikoni kwa padre, ndiko kulikokuwa karibu. Soketi yake ilikuwa imelegea, plagi ikawa inachomoka yenyewe. Basi nikaufunga waya kwenye mguu wa kabati la vyombo kwa kamba ya katani, mafundo matatu.

Asubuhi ya kwanza sindano zilichemka, friji likanguruma, fyuzi zote mbili zikakaa kimya. Nikatembea kifua mbele.

Kisha jenereta ikazimwa, dereva wa Landrova akaja kuivuta karavani. Akachomoa waya kama alivyozoea. Waya mmoja. Habari za ule wa pili sikuwa nimempa.

Nilikuwa nanawa mikono bombani nilipoona kabati la padre likitoka mlangoni. Lilisita kizingitini kama mgeni anayeaga, likaanguka chali, likaifuata karavani huku likitema masufuria.

"Simama! Simama wewe!" nilipiga kelele nikikimbia.

Dereva akadhani namtakia safari njema. Akanipungia mkono.

Nyuma yangu alikuja padre, ndala mguu mmoja, kikombe cha chai mkononi. Barabarani mama mmoja alisikia vyombo vikilia, akadhani ni arusi, akapiga vigelegele. Hivyo vigelegele ndivyo vilivyomfanya dereva atazame kioo, akasimama.

Nilitamani ardhi inimeze. Padre aliokota vijiko viwili, akainama, akayakagua mafundo.

"Nani kafunga hivi?"

"Mimi, Baba."

"Hayakulegea hata kidogo."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa. Nesi alishuka garini, akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Kisha akafungua karavani, akagusa chanjo, zilikuwa baridi sawasawa.

"Fundi, kata hiyo kamba," alisema akijifuta macho. "Watoto wananisubiri."

Wiki hiyohiyo nilifunga soketi mpya nje, mbali na jiko. Lakini dereva hakuniamini tena. Kila safari aliizunguka karavani akihesabu nyaya kwa sauti, na kabla ya kuwasha gari alimwuliza padre kama vyombo vyake vyote vipo.