Muyombo Chini ya Mawingu

Niliacha shule kabla sijamaliza ya msingi, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja muda wa kutosha watu wanizoee. Nimeendesha pikipiki ya abiria hapa Dilala, pembeni mwa migodi. Nimechimba madini pamoja na vijana waliotoka Kasai, nimelala juu ya magunia ya mahindi kwenye malori ya Waislamu wa Maniema wanaobeba mizigo hadi Lubudi. Kamera niliipata katika kuhangaika huko: mchimbaji mmoja alichoka nayo, nikampa simu yangu, akanipa. Nilijifunza kuitumia kwa kubonyeza kila kitufe nione kinafanya nini.

Nilichokipenda kuliko vyote ni vilima asubuhi ya baridi. Katika mwezi wa sita na wa saba ukungu hupanda kutoka mitoni ukajaza mabonde. Ukifika kileleni jua likiwa bado halijachomoza, unakuta mawingu yametandaa chini ya miguu yako, meupe, yametulia, na vilele vingine vimechomoza humo kama migongo ya viboko. Niliuliza kila mtu kwa nini ukungu unapenda mabonde. Fundi wa redio aliniambia hewa baridi ni nzito, hutiririka chini kama maji. Mchungaji aliniambia ni Mungu. Nilipiga foto nyingi za namna hiyo, hadi vijana wa pikipiki wakaniita Meteo, kama wale wanaotangaza hali ya hewa redioni.

Mama aliyenipangisha chumba alikuwa akiziangalia foto zangu huku akitwanga majani ya muhogo kwa ajili ya sombe. Jioni moja aliuliza kamera yangu inaona mbali kiasi gani. Nikamweleza habari ya lenzi ndefu. Akaweka mchi chini, akanieleza jambo lake.

Baba yake alizikwa kwenye bega la kilima kimoja upande wa Lubudi, na kilima hicho sasa kilikuwa ndani ya uzio wa mgodi. Kaburi halikuwa na msalaba wala saruji. Katika ukoo wao, mtu mzima akizikwa, hukatwa tawi la mti wa muyombo na kusimikwa kichwani pake. Tawi linatoa mizizi, linakuwa mti, na hapo ndipo watoto wake huja kumwaga unga na kumweleza matatizo yao. Watu wa mgodi walipokuja kutafuta makaburi ya kuhamisha, walipaka rangi nyeupe kila msalaba. Mama alikuwepo, amesimama karibu kabisa na muyombo wa baba yake. Lakini kumwonyesha mgeni mti wa namna hiyo ni kazi ya mkubwa wa ukoo, si ya binti, na mkubwa huyo, baba yake mdogo, alikuwa Mutshatsha akingoja treni ambayo haikuja. Mama aliwaomba wasubiri. Walisema kesho wana kazi kwingine. Mzee alipofika, uzio ulikuwa umesimama, na langoni akajibiwa kwamba makaburi yote yamekwisha kuhamishwa.

Mama hakutaka tena kugombana na mtu. Nje ya uzio kulikuwa na kilima kingine, kirefu zaidi, ambacho kutoka juu yake mti ulionekana ng'ambo ya bonde. Alitaka foto yake kabla kilima hakijachimbwa.

"Mi najua katapila itapita," aliniambia. "Nataka tu batoto yangu baone ilikuwa muti ya mutu, haikuwa pori."

Tulikwenda watatu: mama, baba yake mdogo, na mimi. Lori lilitushusha chini ya kilima alfajiri, tukapanda polepole kwa sababu ya magoti ya mzee. Kila tulipopumzika alinitania.

"Meteo, kama ni kwenda mbinguni, iko njia ya mufupi kupita hii."

Tulipofika juu, mawingu yalikuwa yamejaa. Nimepiga foto za vilima miaka mingi na sijaona asubuhi kama ile. Jua lilipotoka, weupe ule wote ukageuka rangi ya waridi, kisha dhahabu, na kilele cha kilima chao kikasimama katikati yake peke yake. Bega lake, penye mti, lilikuwa chini ya mawingu. Mama alininyooshea mahali pale. Nikafunga lenzi ndefu, nikapiga. Mkono wangu ulikuwa umezoea, ulipiga kabla sijafikiri.

Kulikuwa na mngurumo wa injini chini huko. Nilidhani ni malori barabarani. Kisha ukaongezeka, ukasita, ukaongezeka tena, na tukasikia mti ukipasuka. Si wetu, au labda wetu. Kule kulikuwa na miti mingi, na sauti haikuwa na mahali. Ilitoka ndani ya mawingu yote kwa pamoja.

"Ile lenzi haiwezi kupita mule ndani?" mama aliuliza.

Nikamjibu kwamba lenzi inaona kile kile ambacho macho yanaona, ila karibu zaidi.

"Basi inasaidia nini?"

Nilimwambia tungoje, jua likipanda ukungu utaondoka. Nilijua kwa nini umekaa pale, nilijua utaondokaje, ningeweza kueleza yote kama yule fundi wa redio, na hakuna neno hata moja la hayo ambalo lingeweza kuusogeza. Mti mwingine ulipasuka. Mzee akachuchumaa, akakutanisha viganja, akapiga makofi ya taratibu, kama mtu anavyomsalimu mkubwa wake, akaanza kuzungumza na kaka yake huko chini. Mimi niliendelea kupiga foto. Sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Ukungu ulianza kutoboka. Tukaona udongo mwekundu, halafu mwingine zaidi. Bega lote la kilima lilikuwa limekwanguliwa. Katapila ya njano ilikuwa imezimwa, na dereva wake ameketi juu ya mnyororo wa magurudumu anakula mkate. Nikainua kamera. Mzee akaifunika lenzi kwa kiganja chake, bila ukali, nami nikaishusha. Tulishuka kilima bila utani.

Nyumbani mama hakuingia jikoni. Alikaa kwenye kizingiti akaniomba nimwonyeshe foto zote za asubuhi ile kwenye kioo cha kamera, moja moja. Zote zilikuwa mawingu na kilele.

"Kwa hii, muti ilikuwa ingali?"

Nikasema sijui.

"Na kwa hii?"

Kamera huandika saa niliyobonyeza. Haikuandika saa ya mti. Nilimwambia hivyo. Akanirudisha nyuma, foto baada ya foto, hadi ya kwanza kabisa, ile yenye rangi ya waridi. Akaishika kamera kwa mikono miwili.

"Utanitolea hii. Ya mukubwa, ya kuweka ku ukuta. Hapa alikuwa angali amesimama."

Nilipopiga foto ile, injini ilikuwa tayari inaunguruma. Niliisikia. Naye aliisikia, tulikuwa tumesimama pamoja. Nilimtazama, akanitazama, kisha akanirudishia kamera. Nikavaa viatu nikaenda mjini kuitoa kwenye karatasi kabla duka la foto halijafungwa.