Weupe Juu ya Mwamba

Siku yangu ya kwanza kwenye kikosi cha mizinga sikugusa mzinga. Sajenti mkufunzi alinipa darubini, dira na redio, akanipandisha kilimani. "Wanaopiga hawaoni wanakopiga," aliniambia. "Wewe ndiye macho yao. Ukisinzia, umeua mtu." Niliichukia kazi hiyo, nilijiunga na jeshi ili nipige, si ili nitazame.

Kazi ya mwangalizi ilikuwa kusahihisha. Kombora likianguka, unasema redioni, "Ongeza mia, kushoto hamsini," yaani mita, hadi shabaha ipatikane. Kwa ndege ilikuwa ngumu zaidi, maana bomu likishaachiwa halirudi. Shabaha ya rubani tuliichora ardhini, duara la chokaa, naye hakuangusha kitu mpaka mwangalizi atamke "Ruhusa."

Zoezi ninalolikumbuka lilikuwa porini, mbali kidogo na Kharumwa. Nilishakuwa sajenti, na Meja wa mafunzo alisimama nyuma yangu. Rubani akasema, "Naona alama nyeupe, naingia."

Nikainua darubini. Duara letu lilikuwa kushoto kwa kilima. Ndege ilielekea kulia.

"Mpe ruhusa," Meja akasema.

Kulia kulikuwa na mwamba mpana, nje ya eneo letu, nao ulikuwa mweupe. Mimi ni Msukuma. Niliujua weupe ule. Ilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, na aliyeianika hawezi kuwa mbali.

"Sajenti, ruhusa!"

"Sitisha!" nilipiga kelele redioni. "Sitisha, sitisha! Hiyo si chokaa, ni chakula cha watu!"

Ndege ikapita chini chini juu ya mwamba, ikapaa bila kuangusha kitu. Meja alichukua darubini, akamwona mwanamke amesimama pale. Akakaa chini.

Nilishuka mbio. Nilimkuta mama wa makamo akiokota michembe iliyopeperushwa, amefura kwelikweli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie mwenye ndege akachezee kwao!"

Nikapiga magoti kumsaidia, lakini vipande vilinidondoka kila nilipoviokota. Akaitazama mikono yangu, hasira ikamwisha.

Sasa nimestaafu, niko Kolandoto, nafuga mbuzi na kubishana na wajukuu wanaodhani droni zimemaliza kazi yetu. Siku ya kuniaga, kamanda alizisifu shabaha zangu na ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa namsikia mama yule, akinijazia michembe kiganjani: "Kula, mwanangu. Kwani jeshini hawawalishi? Unatetemeka kwa njaa."