Sauti ya Pili Upande wa Ukutani

Mwezi uliopita nilikuwa Kasongo kwa misa ya Jumapili, na kwaya ya vijana ikafufua wimbo wa Bikira ambao sikuwa nimeusikia tangu utoto wangu. Dada mmoja aliyekaa kulia kwangu akaninong'oneza, "Mama, sogea kule, nafasi iko." Nilikuwa nimejibana kwake na kuacha mahali pa mtu mmoja kushotoni, wala sikujua kama nimefanya hivyo. Nikaomba radhi, nikasogea. Lakini ndugu yangu, tangu siku ile moyo haujatulia, na heri nikusimulie wewe.

Tulizaliwa wawili, mimi na kaka yangu, kijijini upande wa Wamaza, enzi Wabelgiji walipowalazimisha wazee wetu kulima pamba. Mwenzangu aliondoka kabla hajajua kutembea wala kusema. Neno la kufa halikutamkwa, maana kwetu pacha haliliwi. Mama yake akimwaga chozi, yule aliyebaki humfuata mwenzake. Hivyo ndivyo tulivyoamini. Siku ya maziko hapakuwa na kilio, na watu wakaambiwa mtoto amekwenda kutafuta chumvi. Tena kila kitu kiliendelea kugawanywa kwa wawili. Bibi yangu, mama yake baba, akichoma ndizi alinipa mbili, yangu na ya mwenzangu, nami nilizila zote bila haya. Mashavu yangu yalikuwa gumzo la kijiji. Ila chumvi ilipokwisha jikoni nilikaa mlangoni nikitazama njia, nikiogopa na kutamani kwa pamoja.

Jumapili alasiri mama alinichukua kwenda misheni kwa ibada ya Bikira. Nakumbuka joto la mabati, na harufu ya mafuta ya mbegu za mchikichi waliyojipaka wanawake. Nakumbuka kinanda cha padri, kile cha kukanyaga kwa miguu, kilivyovuta pumzi kama mgonjwa wa kifua kabla ya kutoa sauti. Wimbo wenyewe ulikuwa wa sauti mbili: sisi wanawake, tuliokaa kushoto, tulianza, na wanaume wa upande wa kulia wakaingia baadaye na sauti ya pili, ya chini. Hapo ndipo miili ya watu ilipowashinda. Msimamizi wa pamba, mtu aliyeogopwa na kila nyumba, alitetemeka kidevu mbele ya watu wote. Mwalimu wa dini alikuwa akisema kwamba machozi ya wimbo ni zawadi, mtu asiyafute. Na mama alilia. Alilia tangu sauti ya pili ilipoingia hadi kinanda kiliponyamaza, macho mbele, bila kuguna. Kisha alikaza kitambaa chake na kurudi nyumbani mwepesi, akinitania njia nzima.

Mimi nilikaa mwisho wa benchi. Kati yangu na ukuta pasingetosha hata kuku. Lakini kila wimbo ule ulipoanza, mkono wangu wa kushoto uliingia baridi, vinyweleo vikasimama mpaka shingoni, na upande wa ukutani mtoto akaimba sauti ya pili kabla wanaume hawajafungua kinywa. Niligeuka mara nyingi nikaona chokaa tu. Kilichonitisha zaidi ni kwamba sauti ile ilikuwa inakua. Nilipong'oka meno ya mbele nikaanza kuimba kwa kithembe, nayo ikawa na kithembe. Niliogopa, ndiyo, na bado niliisubiri Jumapili wiki nzima.

Msimu wa mvua nikashikwa na homa isiyotaka kuondoka. Bibi, ambaye hakubatizwa na hakuwahi kukanyaga kanisani, aliupapasa mkono wangu wa kushoto, akauachia upesi. Akamgeukia mama.

"Mutoto iko na baridi upande moja tu. Mama Mapasa, ulimulilia ule mwingine?" Ndivyo mama wa pacha anavyoitwa kwetu.

"Hapana, mama. Ni wimbo tu. Mu kanisa watu wote wanalia."

"Wote hawakuzaa mapasa," bibi akasema.

Mama aliacha kanisa siku ile ile. Aliacha na kuimba. Akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, ulisikia mchi peke yake. Alihamishia moto uani, kwa hofu kwamba moshi wa jikoni ungemtoa machozi. Akawa anajishika kifua kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na akakonda kuliko mimi mgonjwa. Pamoja na hayo yote homa haikushuka. Mbaya zaidi, nikilala mchana kwenye mkeka, sauti ikaanza kuja bila kinanda: ile ya pili peke yake, mstari ule ule, ikinyamaza na kurudia, kama inangoja mtu aanze ya kwanza.

Nikamwambia bibi. Aliendelea kusonga ugali hadi ukaiva, akaepua, ndipo akasema, "Haiko weye njo anaita. Anaita mama yake."

Jumapili iliyofuata alinifunga mgongoni, ukubwa wangu wote ule, akamtanguliza mama mpaka misheni. Kanisani alijipenyeza kati yangu na ukuta, sijui alipatoshaje, akanishika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili. Kinanda kikavuta pumzi. Wanawake wakaanza.

"Lia, Mama Mapasa," bibi akasema kwa sauti, mbele ya padri na ya kila mtu. "Mulilie mutoto wako. Huyu nimemushika miye."

Mama alinitazama mimi kwanza. Sijawahi kutazamwa vile tena maishani, na nilielewa kwamba huenda ananiaga. Kisha akalitaja jina la mwanawe, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, akapiga kilio. Hayakuwa machozi ya wimbo. Kilikuwa kilio cha msibani. Kinanda kikayumba, kikaendelea. Wanawake wakamwitikia mmoja mmoja, hadi nusu ya kanisa inaimba na nusu inaomboleza. Wimbo ukafika penye sauti ya pili, wanaume wakaingia, na hakuna aliyewatangulia. Mkono wangu ulikuwa na joto.

Nilipona. Mama akarudi kuimba akitwanga, na hakuna wimbo uliomliza tena. Leo kinanda kile kimeliwa na mchwa, mabati yamekwenda na upepo, na akina Mama Mapasa wanalia msibani kama mama wengine. Ni vizuri. Nisingependa mwanamke yeyote ashike kifua kama alivyokishika mama.

Lakini mtoto aliyeliliwa siku ile alikuwa mchanga asiyejua kusema. Yule mwingine, aliyekua pamoja nami na kuimba pamoja nami, nilimjua peke yangu. Mpaka leo hakuna aliyemlilia, nami bado naogopa kuanza.