Kiganja Kwenye Ukuta wa Sosho

Jirani anapiga plasta ukuta wake, na harufu ya saruji mbichi imeingia chumbani. Nimeifuta sentensi hii na kuiandika upya asubuhi nzima, na bado haijakaa sawa.

Karibu na mlango wa ukumbi wa mtaa wetu, ule tuliouita sosho, palikuwa na alama ya kiganja. Babu alikuwa kibarua ukumbi ulipojengwa, akaukandamiza mkono wake pale kabla saruji haijakauka. Nilipenda kuingiza vidole vyangu ndani ya vidole vyake. Palikuwa na ubaridi, na kwenye kidole gumba palikwaruza kidogo.

Kisha wakaja kuweka bamba la shaba la kueleza historia ya ukumbi. Fundi alitangulia kusawazisha ukuta. Babu alinishika mkono, tukaenda mbio.

"Kijana, hapo usipake. Huo ni mkono wangu."

Fundi alimtazama, akatabasamu. "Lakini mzee, mkono si uko nao hapo?"

Watu waliokuwa wakingoja hotuba wakacheka. Babu aliuachilia mkono wangu, akautia wake mfukoni, na mwiko wa fundi ukapita juu ya alama.

Bamba lingali pale. Linamtaja aliyekata utepe, na linasema kwamba historia ya mtaa imehifadhiwa hapa. Kila nikipita Jogoo Road huingia nikaupapasa ukuta chini yake, nikitafuta hata ufa. Fundi yule alifanya kazi safi. Ukuta hauna dosari.