Ubao wa Kituku na Siku Yenyewe

Mtunza ubao wa Kituku hatunaye tena, wasomaji wangu. Alifia Butembo alikokwenda kumtembelea binti yake, na mwili ulifika hapa Goma Alhamisi. Alikuwa mwalimu mstaafu. Kila asubuhi, kwenye ubao mweusi karibu na soko la samaki la mtaa wetu wa Kituku, ufukoni mwa ziwa, aliandika kwa chaki mambo yaliyotokea tarehe kama ya siku hiyo miaka iliyopita: mlima ulipotema moto, bendera mpya ilipopandishwa, mtumbwi ulipozama. Hakuandika neno kabla ya kuuliza watu wawili waliokuwepo. Mimi mtu wa gazeti nilikuwa nikimcheka kwa hilo, na leo naona haya.

Enzi za chama kimoja, tulipoitana "citoyen", yaani raia, sikukuu moja ya chama aliandika kuzaliwa kwa chama, na chini yake majina ya wavuvi wanne waliozama tarehe hiyohiyo. Mkuu wa mtaa alikuja amevimba.

"Citoyen, futa ile majina. Leo ni siku ya furaha."

Mzee hata hakugeuka. "Siku ni ya batu bote, citoyen. Sitafuta."

Tulibaki roho juu, maana watu walishapelekwa ndani kwa makosa madogo kuliko hilo. Ndipo akafika mjane wa mmoja wa wavuvi, na beseni lake la sambaza, dagaa wa ziwa letu. Alisoma jina la mumewe, akatikisa kichwa.

"Muzee, haikukuwa leo. Ilikuwa siku ya mbele ya sikukuu. Nilipika bugali, hakurudia. Kesho yake njo walileta maiti."

Kituku ndivyo tulivyo: aliyefia ziwani tunamhesabia siku aliyofikishwa ufukoni, na mashahidi wote wawili walihesabu hivyo. Mzee alimwomba mama yule msamaha, akachukua kitambaa, akafuta majina yote manne mwenyewe. Mkuu aliondoka akitabasamu, akidhani ameshinda. Mwaka uliofuata, siku moja kabla ya sikukuu, mtaa mzima ukifanya mazoezi ya nyimbo za chama, majina yalikuwa pale ubaoni peke yake, na mjane amesimama mbele yake.

Sisi tunaoandika tunawaogopa sana wanaotuamuru kufuta. Wanaojua ukweli wa jambo hatuwaogopi hata kidogo, na hao ndio wa kuogopwa.

Msibani kila mtu anasema mzee alikufa Alhamisi. Nimewatafuta wawili waliokuwa kando ya kitanda chake kule Butembo. Alikufa Jumanne, na ndivyo nilivyoandika ubaoni. Chaki ninayo mimi sasa. Anayetaka nifute, aje na mashahidi wawili.