Magunia Dirishani

Mimi ni Marwa, msaga mawe. Mtaa wetu, nje kidogo ya mji wa Tarime, ulianza kwa sababu ya machimbo ya dhahabu. Mashimo makubwa yalishafungwa zamani, lakini marundo ya mawe bado yapo na mashine za kusagia zinanguruma kutwa. Sikuwa mtu wa kuugua. Gunia la mawe nililibeba begani huku napiga soga.

Kikohozi kilipoanza sikushtuka. Kwetu asiyekohoa tunamtania kwamba huyo ni karani. Nilikunywa maziwa kusafisha vumbi, kama tunavyofanya wote, na madirisha ya chumba nikayaziba kwa magunia ili vumbi la mashine lisiingie. Humo tulilala watatu: mimi, mke wangu Bhoke na binti yetu Ghati, wa miaka miwili.

Mwezi wa pili wa kukohoa suruali zikanipwaya. Nilitoka jasho mpaka godoro likaloa. Asubuhi moja nikatema damu kwenye karai, Bhoke akaiona. Alisema twende zahanati. Nikabisha weee, mpaka akambeba mtoto akatangulia, nami nikamfuata.

Nesi alikuwa dada mmoja wa Kigoma, hana maneno mengi. Alipima makohozi, akaniambia nina TB. Nikamjibu hapana, ni vumbi la mawe.

"Baba, vumbi haliambukizi," akasema. "Huyu mtoto analala wapi?"

Nikamwambia tunalala naye chumba kimoja. Nikaeleza habari ya magunia. Akasema nimefungia ugonjwa ndani pamoja na familia. Bhoke alikutwa salama, akapewa dawa za kinga. Ghati alikutwa na TB. Nililia mbele za watu, mwanaume mzima wa Kikurya, na sioni aibu kulisema.

Tukaanza dawa za miezi sita, mimi na binti yangu. Mkojo wangu ukawa mwekundu, nikajua ndiyo nakufa. Nesi akacheka, kumbe ni rangi ya dawa. Baada ya miezi miwili nikapata nguvu, nikataka kuacha.

Bhoke akaniuliza, "Na Ghati naye aache?"

Nikameza.

Leo tumepona wote wawili. Namshukuru Mungu, namshukuru yule nesi, na Bhoke namshukuru kila siku. Wenzangu wa mashineni, ukikohoa wiki mbili nenda ukapime, na watoto uwapeleke. Mimi nilikuwa tayari kufa kwa ubishi wangu. Ghati hakuna aliyemuuliza.