Mashine imehama, ngata yangu haikuguswa

Leo nimechomoa waya wa kompyuta ya chama chetu cha korosho, na sijutii!

Nilisikia mashine ya kumbukumbu za chama inahamishwa. Nikaja na kamba na ngata ya kubebea mzigo kichwani. Kuli wa bandari ya Mtwara miaka thelathini, nani kama mimi?

Binti mtaalamu, Zuhura, akacheka. "Babu, mashine hii haina mwili. Ni programu, inaishi ndani ya kompyuta. Nimeshaihamishia kwenye mpya."

Lo! Hakuna aliyeinyanyua, imehama. Kwa miguu, labda.

Na humo ndimo yalimo majina ya wakulima wote wa kijiji chetu cha Ziwani, na langu.

Nikamwambia, "Kama imehama, hii ya zamani ya nini?" Nikachomoa.

"Babuuu!" Zuhura kashika kichwa, macho kayafumba.

Kompyuta mpya ikaendelea tu. Jina langu lile pale.

Kumbe mtaalamu mwenyewe alikuwa hajaamini kama imehama kweli! Sasa semeni, nani kaihamisha?